Kichwa cha Kuku Mezani kwa Mzee Ong

Haya, tusicheleweshane. Wiki jana tulimwacha Kuo Yun-chen vijiti vyake vikiwa hewani, ghorofani katika mgahawa wa Jumba la Korongo, mjini Taipei. Kuku mzima alikuwa amewekwa katikati ya meza, sinia la kuzunguka limesimama, na mdomo wa kuku yule umemwelekea yeye.

Mmoja wawili kati yenu mmelalamika wiki nzima kwamba kuku ni kuku tu, mwandishi anatutisha bure. Ninyi hamjawahi kuajiriwa na mzee wa jadi kutoka mkoa wa Changhua.

Kwa aliyeingia leo, nampa kwa mkato. Hii ni karamu ya kufunga mwaka, ambayo tajiri huwalisha watu wake kabla ya Mwaka Mpya. Zamani tajiri hakumfukuza mtu kwa mdomo. Kuku aliletwa na kichwa chake, na yule aliyetazamwa na kichwa alijua kwamba baada ya sikukuu asirudi. Siku hizi matajiri wenye huruma huagiza kichwa kikatwe huko huko jikoni, ili watu wale kwa raha.

Na Yun-chen, katibu wa Mzee Ong, ndiye aliyeuchagua mgahawa huu, ndiye aliyeagiza vyakula, na alikuwa amesema waziwazi kwamba kuku aje bila kichwa. Sasa hiki kimetoka wapi?

Mezani hakuna aliyekohoa. Mkuu wa mauzo alijitia kutafuta karanga kwenye kisahani kisichokuwa na karanga. Mhasibu alikazia macho kikombe chake. Mzee Ong Chin-tiao, mwenye kiwanda cha minyororo ya baiskeli, alikuwa kwenye kiti cha heshima, kile kinachotazama mlango, mikono yake miwili juu ya fimbo.

Aliyecheka ni Po-hsiang, mwanawe Mzee, mtoto wa pekee. Wafanyakazi humwita Bosi Mdogo, ingawa mvi zimeshaanza kumtoka.

"Jamani, sinia linazunguka hili," akasema. "Limesimama tu hapo."

Akalisukuma kwa kidole. Kuku akazunguka. Akampita mhasibu, ambaye alifumba macho. Akampita mkuu wa mauzo, ambaye aliacha kupumua. Akapunguza mwendo, akapunguza tena, akasimama. Mdomo wa kuku ukawa unamtazama Mzee Ong mwenyewe.

Wote walikiona kidole cha Po-hsiang. Hakikutoka ukingoni mwa sinia mpaka lilipotulia kabisa.

Kuna matusi ambayo mtu huyatukana bila kufungua kinywa, na lile lilikuwa mojawapo. Mtoto kumgeuzia baba yake kichwa cha kuku mbele ya watumishi, hata kama ni kwa mzaha, hakuna Mtaiwani atakayekuambia ni mzaha. Yun-chen aliviweka vijiti vyake chini. Alingoja fimbo ianguke mezani.

Haikuanguka. Mzee alinyoosha mkono wake wenye madoa ya uzee, akashika sinia, akaligeuza polepole hadi mdomo wa kuku ukarudi ulikokuwa. Kwa Yun-chen. Kisha akafuta vidole kwa kitambaa.

"Kuleni," akasema.

Basi ndiyo hivyo. Si bahati mbaya, si kosa la mpishi. Mzee amekusudia.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana bila kujua huyu mwanamke ni nani hamtaumia kama nilivyoumia mimi. Taipei nzima, tajiri akitaka kumlisha mgeni mzito, anampigia simu Yun-chen kwanza: dada, twende wapi? Wengine wanachagua kwa taa za vioo na mazulia. Yeye huingia mgahawani saa tisa alasiri, wakati wapishi wenyewe wanakula, akachungulia sahani zao. Wapishi wakila vizuri huku wakitaniana, jiko lina amani. Wakila wamesimama, kila mmoja na kona yake, anaaga na kuondoka. Kisha hukaa kiti kibaya kuliko vyote, kile cha karibu na mlango, akaagiza chai tupu, aone mtu asiye na maana anapokewaje.

Na kwa Mzee Ong kazi hiyo ilikuwa zaidi ya kazi. Mwaka juzi Mzee alianguka baada ya chakula cha mchana alichoalikwa na mwanawe, kwenye mgahawa uliochaguliwa na mwanawe. Madaktari walisema moyo. Mzee hakubishana na madaktari. Ila tangu siku ile hajatia kinywani chakula cha nje ambacho Yun-chen hakukichagulia meza. Roho ya mzee yule ilikuwa mikononi mwake, alilijua hilo, na tusifichane, alijivunia.

Leo amelipwa kichwa cha kuku.

Anayetazamwa na kuku haulizi. Anakunywa kikombe chake, anashukuru, anatoka. Yun-chen alikunywa pombe ile kali ya mtama, ikamchoma hadi tumboni, akasimama na kuinama. 

"Pole, dada," akasema Po-hsiang kwa upole. "Lakini mgahawa ulichagua mzuri, hilo hatukunyimi."

Yun-chen akamtazama Mzee, akitafuta hata kope itikisike. Mzee alikuwa anatazama ukuta.

"Toka sasa hivi," Mzee akasema. "Kabla ya supu."

Sasa hiyo ndiyo iliyomuua. Supu ya Jumba la Korongo hupikwa siku mbili, kila mtu na kijungu chake chenye mfuniko, na watu hufunga safari kutoka Kaohsiung, kusini kabisa, kwa ajili yake. Hata dereva hungojewa anywe. Yeye hata supu amenyimwa, kama mbwa aliyeingia sebuleni. Alifunga mlango nyuma yake taratibu, akashuka ngazi, na kila kidato hasira ikapanda.

Chini mlangoni alisimama Mama Sung, mwenye mgahawa, na bangili yake ya jiwe la kijani, anawainamia wageni walioingia na miavuli yao. Yun-chen hakungoja wageni wapite. Alimshika mkono akamvutia kwenye chumba cha makoti.

"Nilikuambia nini mimi kuhusu kichwa?"

"Usinipandishie sauti," Mama Sung akajibu, lakini sauti yake mwenyewe haikuwa na nguvu. "Aliyekiagiza ni Mzee. Nimeongea naye leo asubuhi."

Yun-chen akataka kujua Mzee alikuwa na shida gani ya kuongea na mgahawa, wakati kazi hiyo ni yake.  Mama Sung alivuta pazia la chumba, akalishika kwa nyuma lisifunguke, na hapo Yun-chen akaona kwamba yule mama amejipaka wanja juu ya macho yaliyovimba kwa kulia.

"Mgahawa huu si wangu," akasema. "Niliuuza tangu sikukuu ya mwezi mpevu ya vuli. Mimi hapa ni sura tu. Nalipwa nisimame mlangoni nicheke, wateja wasijue."

"Umemuuzia nani?"

"Bosi Mdogo wenu."

Msomaji, kaa vizuri. Yun-chen alishika nguzo ya makoti, na makoti mawili yakaanguka miguuni mwake.

Alikumbuka siku alipokuja kukagua. Mama Sung alimpokea kwa bashasha ile ile ya miaka yote, akamwambia jikoni wanabadilisha sakafu, asiingie, ataharibu viatu. Naye akacheka, akanywa chai ya rafiki, akaondoka bila kuona sahani ya mpishi hata mmoja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alikuwa amesifiwa mno, na siku ile moja alichagua kwa sura ya mlangoni badala ya jiko. Kwa mikono yake mwenyewe amemleta Mzee hadi ndani ya jiko la mwanawe.

Mama Sung akaendelea kwa kunong'ona. Asubuhi ya leo Po-hsiang amekuja na mpishi wake wa supu, mtu mgeni kabisa, na yeye Mama Sung amekatazwa kukanyaga jikoni. Roho ikamcheza. Akampigia Mzee simu, akamwaga yote.

"Akasemaje?"

"Alinishukuru. Kisha akaniuliza kama huku mjini mvua inanyesha. Nikamwambia ndiyo. Akasema, mrudishieni kuku kichwa chake. Yule binti awe ameshatoka kabla ya supu. Aliyechagua meza ndiye atakayeulizwa, na mimi sitaki aulizwe."

 Machozi ya Yun-chen, yaliyokataa kutoka kule juu, sasa yalimwagika yenyewe. Yule mzee, akitazama ukuta na uso wake wa jiwe, alikuwa anamtoa mtu wake motoni.

"Sasa kwa nini amekuja?" akauliza. "Si angebaki nyumbani?"

"Ana mtoto mmoja, Yun-chen. Wewe ungekubali kuambiwa na mwanamke wa mlangoni kwamba mwanao anataka kukuua?"

Kuna siku mtu mwenye akili angechukua mwavuli wake akaondoka, na hii ilikuwa siku hiyo. Amefukuzwa mbele ya mashahidi. Lolote litakalotokea ghorofani halimhusu. Mzee mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango.

Yun-chen aliutazama mlango wa nje, mvua inavyopiga barabara. Halafu akageuka, akakimbilia ngazi. Ndivyo alivyo, na ndiyo maana tunamfuatilia.

Katikati ya ngazi alipishana na wahudumu wawili wanashuka. Masinia yao yalikuwa matupu. Supu imeshafika mezani.

Akafungua mlango bila kubisha. Vijungu vilikuwa mbele ya kila mtu, mifuniko bado juu, mvuke unatoka pembeni. Hakuna aliyekuwa amegusa, maana hakuna anayekunywa kabla ya Mzee. Kuku alikuwa amesogezwa pembeni, kichwa kimeshaondolewa, kazi yake imekwisha. Watu walimgeukia kama wameona maiti inarudi kudai jeneza.

"Umesahau kitu?" Po-hsiang akamuuliza.

 Yun-chen alimtazama Mzee. Na safari hii Mzee alimtazama, akatikisa kichwa kidogo sana, mara moja. Usiseme.

Kisha Mzee akafanya jambo ambalo kila mtu mezani alilijua. Nyumba ya akina Ong ina desturi yake. Po-hsiang alipokuwa mdogo alikuwa hapendi kula, na baba yake, wakati huo maskini wa banda moja la bati, alikuwa akimpa bakuli lake mwenyewe siku ya kufunga mwaka ili ale. Mtoto naye alikuwa akisukuma lake kwa baba kwa mikono miwili. Wamekua, wametajirika, wamechukiana, lakini kila mwaka wanabadilishana. Wafanyakazi wa zamani hutokwa machozi wakiona.

Mzee alikisukuma kijungu chake mbele ya mwanawe.

"Mwanangu," akasema, "kunywa cha baba."

Sasa Yun-chen alielewa kwa nini Mzee amekuja. Hakuja kula. Amekuja kumtazama mtoto wake usoni. Kama kuna kitu ndani ya kijungu kile, mtoto ataogopa, atatafuta sababu, atajitia tumbo linauma. Kama hakuna, atakunywa.

 Po-hsiang alikitazama kijungu. Mishipa ya shingo ya Mzee ilikuwa imesimama.

Po-hsiang akafunua mfuniko. Akanusa, akatabasamu. Akakishika kwa mikono miwili, akanywa. Akanywa tena. Aliinamisha kijungu hadi kikawa kitupu, akatafuna uyoga uliobaki chini, akajifuta mdomo.

"Cha baba kitamu kila mwaka," akasema.

Nawaambia, Mzee Ong alizeeka na kurudi ujanani kwa dakika moja. Mabega yake yalishuka. Mzee huyu ambaye hakulia kwenye maziko ya mkewe alitoa kitambaa akajifuta macho mbele ya watumishi wake. Mkuu wa mauzo akapiga makofi bila kujua kwa nini. Hata Yun-chen mwenyewe, pale mlangoni, alisikia aibu inampanda. Amemdhania mtu vibaya. Mama Sung ametia maneno tu.

Lakini wakati wote wanamtazama Mzee, Yun-chen alimtazama Po-hsiang. Mazoea ya kazi. Siku zote alikaa kiti cha mlangoni akatazama mikono ya watu.

Kijungu cha Po-hsiang kilikuwa kimeshafika mbele ya baba yake. Alikuwa amekisukuma kabla hajaombwa, tena kabla hajanywa. Na macho yake hayakuwa kwa baba yake anayelia, ingawa mtoto yeyote angemtazama baba. Macho yake yalikuwa juu ya kijungu kile, hayapepesi.

Yun-chen akaona yote kwa mara moja. Mtu aliyekula meza moja na baba yake maisha yake yote anajua mkono wa baba utakwenda wapi. Mzee amekuja na mtego wake, na mwanawe ameujua mtego huo tangu utotoni. Cha baba kilikuwa salama. Kilichokuwa na kitu ni cha mtoto.

"Mzee, usinywe hicho," akasema.

Mzee akageuka. Furaha ilikuwa bado imemjaa usoni, na juu yake ikaanza kuja hasira, ile ya mtu anayenyang'anywa kitu alichokipata sasa hivi.

"Umeona kwa macho yako kijana amekunywa."

"Amekunywa chako. Hiki ni chake. Mpe anywe chake."

Po-hsiang hakupandisha sauti. Hakumtazama Yun-chen wala baba yake. Aliwageukia mhasibu na mkuu wa mauzo, mmoja mmoja, kama mtu anayehakikisha wanamsikia vizuri.

"Ametoka hapa amefukuzwa, ana hasira," akasema. "Ameshuka chini, hatujui ameingia wapi. Sasa amerudi, na anajua kwamba supu ina kitu. Mimi simsemi. Ninyi wenyewe mmeona."

 Kichwa cha kuku ambacho Mzee alikiagiza kumwokoa Yun-chen sasa kilikuwa kamba shingoni mwake. Mezani hakuna aliyebaki ambaye hangeapa kwamba mwanamke huyu alikuwa na sababu.

Akaacha heshima. Akazunguka meza mbio kukifikia kijungu, akampiga kikumbo mhasibu, kiti kikaanguka. Mkuu wa mauzo alimdaka kiunoni. Yun-chen alipiga mateke, akamwita Mzee kwa jina lake kamili, jambo ambalo hajalifanya tangu aajiriwe.

"Chin-tiao! Mimi ndiye niliyekuchagulia meza hii, na nakuambia nimekosea."

Mzee alisita. Naapa alisita. Kijungu kilikuwa mkononi, mfuniko umeshatoka, na alimtazama mwanamke ambaye kwa chaguo lake amekula salama hadi leo. Kisha akamtazama mwanawe, aliyekuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyesingiziwa wizi.

Wazee wanasema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mzee Ong alichagua kuamini hivyo.

"Nilimshuku mwanangu kama mwizi, kumbe mwizi ni mimi," akasema taratibu. "Po-hsiang, nisamehe."

Akanywa. Hakuonja, alikunywa kama alivyokunywa mwanawe, hadi mwisho, ili watu wote waone kwamba hana shaka. Akakigeuza kijungu juu chini kuonyesha kimekwisha. Hakuna kilichodondoka.

Akakaa akitabasamu. Mkuu wa mauzo akamwachia Yun-chen kiuno. Dakika ikapita, labda na nusu, mhasibu akaanza kuinua kiti kilichoanguka, na mtu mmoja upande wa dirishani akathubutu kufunua kijungu chake.

Mzee alikuwa bado anatabasamu alipopeleka mkono mbele, akapapasa kitambaa cha meza, akagonga glasi, akapapasa tena. Uso wake haukuwa umeelekea kwa mwanawe. Ulikuwa umeelekea hewani kati ya watu wawili.

"Mbona mmezima taa?" akauliza.

Ilikuwa saa saba mchana, mapazia yote yalikuwa wazi, na hakuna taa iliyokuwa imezimwa.